Kifaransa au Kijerumani? Kwa anayeanza kutoka sifuri sekondari

Swali hili naulizwa sana na vijana wanaoingia sekondari: shule inawaambia wachague lugha moja ya kigeni, Kifaransa ama Kijerumani, sasa wachukue ipi. Na wengi wanachagua kwa sababu ambayo haihusiani kabisa na lugha yenyewe, yaani rafiki yake kaenda darasa lile, au kasikia Kijerumani ni kigumu, au kaambiwa Kifaransa ni kitamu kusikiliza basi. Mi nilianza Kifaransa kidato cha kwanza sijui hata neno moja, nikakaa nacho miaka minne, Kijerumani nikakianza ukubwani, na sasa hivi nasaidia wanafunzi wa lugha zote mbili, kwa hiyo nataka niziweke hapa bega kwa bega kwa mtu ambaye kichwani mwake kuna Kiswahili. Maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Mwingereza na Mmarekani, na sisi tuna faida zetu ambazo wao hawana na shida zetu ambazo wao hawazijui.

Niseme mapema ninavyoona mimi. Kifaransa kinakutesa masikioni na mdomoni, Kijerumani kinakutesa kwenye sarufi. Cha kwanza ugumu wake mkubwa unakutana nao wiki ileile ya kwanza halafu unapungua taratibu, cha pili mwezi wa kwanza unajiona bingwa, kisha ukifika mwaka wa pili ndo unaanza kukuna kichwa. Kwa hiyo angalia wewe ni mtu wa aina gani kabla hujaangalia lugha ni ya aina gani.

Tuanze na kusoma na kuandika, maana hapa ndo watu wanapokata tamaa mapema. Kijerumani unasoma kile unachokiona, karibu kama Kiswahili. Kuna herufi chache za kukariri: w inasomwa v, v mara nyingi inasomwa f, z ni ts, ei ni ai, ie ni i ndefu, sch ni sh. Angalia neno Schule, hilo tunalo tayari, ndo shule yetu hiyo hiyo, tumelichukua kwao. Hata hela ilitoka kwenye sarafu yao iliyoitwa Heller. Ukishazijua hizo sauti, ndani ya wiki mbili unaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti hata kama huelewi kinachosemwa, na mwalimu akikusomea neno jipya una uwezekano mzuri wa kuliandika sawa.

Kifaransa sasa. Parle, parles, parlent, maneno matatu tofauti kwenye daftari, mdomoni ni kitu kimoja, "parl", basi. Eau (maji) ni herufi tatu na inatamkwa "o". Beaucoup ni "boku". Herufi za mwisho nyingi zinaandikwa halafu zinanyamaza, hasa s, t, d, x na p, wakati c, r, f na l mara nyingi zinasikika (ila sio r ya vitenzi kama parler, hiyo nayo kimya).

Imla yangu ya kwanza naikumbuka mpaka leo. Mwalimu alisoma: Mes sœurs sont contentes. Elles chantent et elles dansent. Dada zangu wamefurahi, wanaimba na wanacheza. Sentensi ya pili mi nikaandika Elle chante et elle danse, yaani anaimba na anacheza, mtu mmoja. Ukizisoma kwa sauti hizo mbili hakuna tofauti hata chembe, nikapata alama nyekundu nne kwenye mstari mmoja na nikaona nimeonewa kabisa. Mwalimu akaniita mezani akaniwekea kidole juu ya lile neno mes kwenye sentensi ya kwanza, akasema hapa ndo uliambiwa ni wengi, ulikuwa unasikiliza mwisho wa neno wakati habari yote iko mwanzo.

Na hapo ndo nikaelewa kitu ambacho sijaona vitabu vinamwambia Mswahili: Kifaransa cha mdomoni kinaonyesha wingi mbele, kama sisi. Sisi tunasema mtoto, watoto, kitabu, vitabu, mwisho haubadiliki, mbele ndo panabadilika. Mfaransa anasema le livre, les livres, na sikio linasikia "lə livr", "le livr", kitabu hakijabadilika, kilichobadilika ni kale kaneno ka mbele. Ile s ya mwisho ni ya karatasi tu. Mwingereza anahangaika kutafuta s isikike nyuma kwa sababu kwao ndo inakaa huko, we Mswahili sikio lako tayari limezoea kusikiliza mbele, litumie tu. Tangu siku ile kila nikisikia nomino ya Kifaransa nasikiliza le, la, les, mes, des, ces, na imla zangu zikaanza kupona.

Kwenye matamshi watu wanadhani Kijerumani ni rahisi kwa sababu kinasomeka, sio kweli hivyo. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, ma-ka-ra-ta-si, sasa jaribu kusema du schreibst (unaandika), au Herbst (msimu wa majani kupukutika), au Strumpf (soksi). Konsonanti zimebanana pale hakuna hata irabu ya kupumulia, na mwanafunzi wetu anajikuta anaweka i na u katikati bila kujua, "shuraibisti". Kifaransa kwa hili kinatufaa zaidi maana silabi zake nyingi ziko wazi, halafu maneno yanaungana: les amis (marafiki) unasoma "le-za-mi", ile s iliyokuwa kimya inaamka ikikutana na irabu na kuhamia silabi inayofuata. Mdomo wa Mswahili unaifurahia hiyo, ni mwendo wetu kabisa.

Shida ya Kifaransa ni irabu za puani. Vin, vent, vont: divai, upepo, wanakwenda. Kwa anayeanza zote tatu anasikia kitu kimoja, na akizitamka anaweka n kamili mwishoni, "veni", "voni". Hiyo n haitamkwi, hewa tu ndo inapita puani wakati mdomo bado uko wazi, ulimi haugusi kitu. Halafu kuna ile u ya neno lao tu (wewe), ambayo sio u yetu. U yetu ni ile ya tout. Rue ni barabara, roue ni gurudumu, na ukikosea unamwambia mtu unakaa kwenye gurudumu. Njia inayofanya kazi: sema "i", ishikilie, ulimi usiusogeze, halafu zungusha midomo kama unapuliza mshumaa. Jaribu mbele ya kioo, siku tatu nne inakaa. Ila hii isikufanye uikimbie lugha maana hata Kijerumani anayo, ndo ü yao, kwa hiyo popote utakapokwenda utaifanyia kazi. Na r ya kooni usihangaike nayo mwaka wa kwanza, r yetu ya ulimi inaeleweka kote kote, wako Wafaransa na Wajerumani wanaoitamka hivyo, na Waafrika wengi wanaoongea Kifaransa safi kabisa pia.

Sasa twende kwenye jinsia za maneno, maana hapa ndo tofauti kubwa ilipo. Mtu wa Kiswahili haogopi wazo lenyewe, sisi tuna ngeli na tunapatanisha kila kitu bila kufikiria, kitabu hiki kizuri kimepotea, ki ki ki mpaka kwenye kitenzi. Kifaransa kina makundi mawili tu, le na la, na kuna miisho inayokusaidia: ukiona -tion au -té karibu siku zote ni la, ukiona -ment ni le, -age mara nyingi ni le ingawa page, image na plage ni za la. Kivumishi kinapatana na nomino, un grand livre (kitabu kikubwa), une grande maison (nyumba kubwa), kwishnei.

Kijerumani makundi ni matatu, der, die, das, na hilo pekee lisingekuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kale kaneno kanabadilika kulingana na kazi ya nomino ndani ya sentensi. Mbwa akiwa ndiye anayetenda ni der Hund, ukimuona wewe ni den Hund, ukimpa chakula ni dem Hund, ukitaja kitu chake inakuwa des Hundes. Mbwa ni yuleyule mmoja! Jedwali zima lina visanduku 16 na ndani yake mnazunguka maneno sita tu, der, die, das, den, dem, des, kwa hiyo der unaweza kuikuta hata kwenye nomino ya kike. Kivumishi nacho kina jedwali lake. Ongeza na wingi, kila neno unajifunza na wingi wake: Kind Kinder, Tisch Tische, Frau Frauen, Auto Autos, Apfel Äpfel. Kuna mwanafunzi mmoja namsaidia anaandika nomino kwa kalamu za rangi tatu, bluu der, nyekundu die, kijani das, na pembeni anaweka wingi, na hajawahi kuandika neno jipya bila rangi tangu muhula wa kwanza. Yeye anapeta. Wenzake walioandika maneno matupu wakisema der die das tutajifunza baadaye, baadaye ilipofika walikuta wana maneno mia nne hawajui hata moja ni la kundi gani.

Kama we ni mtu wa hesabu, unapenda kanuni, jedwali linakupa raha, Kijerumani kitakulipa, nasema kwa moyo wote. Kina utaratibu wake na hakina vituko vingi.

Mpangilio wa sentensi nao una pande mbili. Kifaransa kinatufaa kwa kitu kimoja kizuri sana. Sisi tunasema namuona, yule anayeonwa tunamweka kabla ya kitenzi, na-mu-ona. Mfaransa anasema je le vois, mi-yeye-naona, mpangilio uleule. Najiosha ni je me lave. Wanafunzi wa lugha nyingine hapa wanakwama wiki nzima, sisi ukimwonyesha mtu mara moja anacheka anasema ah kumbe ni vilevile. Mjerumani anasema ich sehe ihn, anaweka nyuma, sio shida kubwa. Shida ni akishaingia kwenye sentensi ndefu, kitenzi kinakimbilia mwisho: weil ich morgen früh aufstehen muss, kwa sababu mimi kesho mapema kuamka lazima. Unasubiri mpaka mwisho ndo ujue mtu alikuwa anataka kusema nini. Kuna na vitenzi vinavyokatika vipande viwili, aufstehen (kuamka) ikiwa peke yake ni neno moja, ndani ya sentensi inakuwa ich stehe um sechs Uhr auf, ile auf imetupwa mwishoni kabisa. Unazoea, lakini inachukua muda.

Ila kwenye vitenzi vyenyewe Kifaransa ndo kinachosumbua zaidi. Vile vya -er, ambavyo ndo vingi kupita vyote, vinafuata njia moja, halafu kuna lundo la vikorofi vinavyotumika kila siku. Ushauri wangu kwa miezi miwili ya mwanzo kaa na vinne tu, être, avoir, aller, faire, uvijue mpaka ukiota unaota navyo, kwa sababu viwili vya kwanza ndo vinajenga wakati uliopita na aller inakupa wakati ujao wa haraka haraka, je vais manger, naenda kula yaani nitakula. Mtu mwenye vinne hivyo anaongea.

Namba, zote mbili zina visa. Mfaransa wa Ufaransa 75 anasema soixante-quinze, sitini na kumi na tano, na 97 ni quatre-vingt-dix-sept, ishirini mara nne na kumi na saba. Wabelgiji na Waswisi wamejirahisishia, 70 ni septante na 90 ni nonante. Mjerumani anaanza na mamoja, 97 ni saba na tisini, siebenundneunzig, neno moja hilo. Mwezi mmoja wa kusoma namba za simu kwa sauti unamaliza.

Kuhusu msamiati, kama shuleni unasoma Kiingereza basi kinakusaidia kote. Maneno makubwa makubwa ya kitabuni, nation, important, animal, ni yaleyale ya Kifaransa, yaliingia Kiingereza kwa wingi baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Yale ya nyumbani yanafanana na Kijerumani, Hand, Haus, Wasser. Ila mitego ipo: librairie ni duka la vitabu na sio maktaba, rester ni kubaki na sio kupumzika, na kwa Kijerumani Gift sio zawadi, ni sumu! Na bekommen ni kupata, sio become ya Kiingereza.

Muda je? Chuo cha lugha cha wanadiplomasia wa Marekani kinakadiria mtu wa Kiingereza anahitaji wiki kama 30 za darasa la kila siku kufika pazuri kwenye Kifaransa, na wiki kama 36 kwenye Kijerumani. Na kwenye hilo kundi la wiki 36 Kiswahili nacho kimo, kwa hiyo usijidharau, lugha unayoamka nayo kila asubuhi wengine wanaiona ngumu sawa na Kijerumani. Lakini wale wanasoma kutwa nzima. We ukiwa na vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki hiyo ni saa mbili, mwaka mzima wa masomo labda saa 70, miaka minne hufiki hata 300. Kwa lugha yoyote kati ya hizi mbili darasa peke yake halitakufanya uongee, litakupa msingi na cheti, kuongea utakutafuta nje ya darasa. Hapo ndo swali la "ipi ina watu wa kuongea nao" linapokuja, na kwangu mimi lina uzito kuliko sarufi yote niliyoeleza juu.

Kifaransa kimesambaa. Kongo zote mbili, Burundi, Rwanda, Djibouti, Komoro, Senegal, Côte d'Ivoire, Kamerun, Madagaska, ukiacha Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi na Kanada. Ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa na ni ya Umoja wa Afrika pia. Na kitu kizuri zaidi, mashariki mwa Kongo wako watu wengi wanaoongea Kiswahili na Kifaransa pamoja, kwa hiyo unaweza kupata mtu wa kukuelekeza kwa lugha yako mwenyewe. Kijerumani kimejikusanya Ulaya ya kati, Ujerumani, Austria, sehemu ya Uswisi na majirani, lakini ndani ya Umoja wa Ulaya ndo lugha ya kwanza ya watu wengi kuliko nyingine yoyote, na vyuo vikuu vya umma Ujerumani vingi havitozi ada ya masomo. Anayelenga uhandisi, ufundi au uuguzi wa kule hana haja ya kunisikiliza sana, achukue Kijerumani aanze mapema, maana shahada nyingi kule zinafundishwa kwa Kijerumani na kiwango kinachotakiwa ni kikubwa.

Mitihani ya nje ipo kote, ngazi ni zilezile A1 (anayeanza) mpaka C2 (aliyebobea). Kifaransa ni DELF kwa A1 mpaka B2 (C1 na C2 mtihani unaitwa DALF), kuna DELF ya vijana wa sekondari, alama 100 kwa sehemu nne za 25, unapita na 50 ila ukipata chini ya 5 sehemu yoyote umeanguka, kwa hiyo usipuuze kusikiliza. Kijerumani ni ya Goethe-Institut, nao wana ya vijana, unatakiwa 60. Vyeti vyote havina tarehe ya kuisha.

Vya kusikiliza bure vimejaa, na hapa Mswahili ana bahati ambayo wengi hawaitumii. RFI (redio ya kimataifa ya Ufaransa) na Deutsche Welle (DW, ya Ujerumani) wote wana idhaa ya Kiswahili. RFI hao hao wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi ya dakika kumi kila siku, na DW wana habari za Kijerumani zinazosomwa polepole pamoja na kozi ya video ya bure kutoka A1 mpaka B1. Sikiliza kwanza habari kwa Kiswahili ujue leo kumetokea nini, halafu nenda kwa ile lugha yako, utashangaa jinsi sikio linavyoshika majina, namba, kisha maneno. Kwa kozi iliyopangwa vizuri ya kujifundisha mwenyewe naona DW wako mbele, kwa wingi wa sauti za watu wa kila aina Kifaransa kiko mbele.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza bila kuniambia ana lengo gani, namwambia Kifaransa, kwa ile habari ya watu na kwa jinsi kinavyoendana na mdomo na sikio letu kuliko tunavyoambiwa, mradi akubali miezi mitatu ya mwanzo kusikiliza kila siku hata dakika 15. Asipoweza hilo, kama ni mtu wa kusoma kimya kimya na daftari lake, Kijerumani kitamvumilia zaidi.

Kitu kimoja kinaweza kupindua yote haya, mwalimu. Kaa kipindi kimoja kwenye kila darasa kabla hujajaza fomu kama shule inaruhusu. Hesabu kichwani wanafunzi wanafungua mdomo mara ngapi kwa ile lugha. Kama darasa la Kifaransa mnanakili majedwali ubaoni dakika 40 na darasa la Kijerumani wanaulizana jina lako nani, unakaa wapi, una ndugu wangapi, nenda Kijerumani wala usinikumbuke. Halafu jioni chukua simu ujirekodi: tu, tout, rue, roue, vin, vent, vont, kisha ich schreibe, du schreibst, der Hund, den Hund, dem Hund. Lala, asubuhi sikiliza ulivyosema, uone ni mstari upi unatamani kuurudia.